Ratiba kwenye Friji Yangu

Ratiba ile mkwe wangu Tijana aliibandika kwenye friji yangu, si yake. Friji anayo, tena kubwa, huko ghorofani anakoishi na mwanangu Ognjen na watoto wao wawili. Lakini alishuka na karatasi ngazi zote kumi na saba, akaibana kwa sumaku niliyoinunua Vrnjačka Banja nilipokwenda kutibu magoti kwa maji ya moto, akasema, "Mama, iache hapa hapa tafadhali. Usiitoe." Nikajua kuna jambo. Mtu anayekwenda likizo hamwekei anayebaki nyumbani orodha ya raha zake mbele ya maziwa.

Jina langu ni Bosiljka. Nina miaka sitini na minane, naishi Čačak katika nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu Milisav, na hakuna aliyewahi kunidanganya mara mbili. Mara moja, labda.

Nilivaa miwani nikaisoma. Tarehe ishirini na tano Julai, ndege mpaka Kopenhagen, siku tatu. Kisha treni ya kuvuka daraja la baharini mpaka Malmö, siku mbili. Kisha treni tena mpaka Gothenburg, siku sita. Kisha Oslo, siku tatu, na kurudi. Chini ya kila mji Tijana ameandika saa za kulala za Iskra, ambaye ana miaka mitatu na akikosa usingizi wa mchana hugeuka mbwa mwitu. Ameandika viwanja vya michezo na wapi pana choo. Ameandika "koti la mvua" mara nne. Ameandika makopo kumi na mawili ya pašteta, ile nyama laini ya kupaka kwenye mkate, kwa sababu Vukan, mwenye miaka sita, hali kitu kingine akiwa safarini.

Jirani yangu Radojka alipokuja kunywa kahawa, aliisimamia karatasi ile kama askari wa mpakani.

"Shoga, watu wanakwenda Ugiriki," alisema. "Wanakwenda Montenegro. Nani anafunga safari mwezi wa saba kwenda kutafuta mvua?"

"Wanasema wanataka kuona."

"Kuona nini? Huko watoto wachanga wanalazwa nje ya mkahawa, ndani ya vigari, na mama yuko ndani anakula keki!"

"Kwenye upepo?"

"Kwenye upepo, Bosiljka."

Tulifanya ishara ya msalaba wote wawili. Mimi nimemlea Ognjen bila kumruhusu hata siku moja kukaa kati ya dirisha na mlango vilivyo wazi, na mpaka leo ana mgongo mzima.

"Na hii nini?" Radojka akaweka kidole. "Kopenhagen siku tatu, mji wa mfalme. Malmö mbili. Huu mji wa katikati siku sita. Una nini hasa?"

Nami lilikuwa limenikereketa hilo hilo. Na halikuwa peke yake. Mwezi wa nne Ognjen alinichukua kwa gari mpaka polisi nikatengenezewe pasipoti mpya. Pasipoti ya nini, nami safari yangu ndefu kabisa ni ya kwenda sokoni? "Uwe nayo tu, mama," akasema. Nikawaza, wanataka karatasi zangu ili wauze nyumba. Nikaificha pasipoti chini ya godoro. Halafu Vukan naye akaanza kupanda ngazi zangu akihesabu kwa lugha nisiyoijua, na nilipomuuliza nani kamfundisha, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mtoto hafundishwi kuziba mdomo kwa ajili ya likizo.

Nilichokiogopa ni kimoja, na nitakisema waziwazi: niliogopa kwamba wanakwenda na hawatarudi. Kwamba nitabaki na ngazi kumi na saba zisizo na kishindo.

Radojka akaendelea kuchimba. "Tarehe mbili Agosti wako huko. Bosiljka! Tarehe mbili si siku ya Ilija?"

"Ndiyo."

"Slava yenu!"

Ndiyo, slava yetu. Kila ukoo kwetu una mtakatifu wake, na siku yake nyumba huwasha mshumaa, hukata mkate, na mlango huwa wazi. Ukoo wa Milisav ni wa Ilija, mwenye ngurumo. Kwa miaka arobaini na minne nimeoka mkate ule, na hakuna siku ya Ilija ambayo nyumba hii haikuwashwa mshumaa. Sasa mwanangu, mrithi wa slava tangu baba yake alipofariki, amepanga kuwa kwenye treni na mabembea.

"Soma walichoandika siku hiyo," nilimwambia Radojka. Maana hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ratiba nzima Tijana kaiandika kwa herufi za Kilatini, ndogo ndogo kama sisimizi. Lakini mstari wa tarehe mbili kauandika kwa Kisirili, herufi zetu za zamani, kubwa kubwa: *Ilija. Tupo nyumbani siku nzima.* Kisha jina la mtaa, namba ya jengo, ghorofa ya pili. Kisha: *Kutoka uwanja wa ndege, basi la kijani mpaka mwisho, halafu tramu namba saba, vituo vinne.*

Radojka alikuna kidevu. "Si wanafika kwa treni?"

"Kwa treni."

"Basi nani anatoka uwanja wa ndege?"

Tulitazamana. Jibu lilitujia pamoja, na kahawa ikageuka shubiri mdomoni.

"Mama yake," nilisema.

Mama yake Tijana anaitwa Ljubica, anaishi Novi Sad, ana nywele za rangi ya shaba na husema "kwetu Novi Sad" kila anapomeza mate. Kumbe ndiyo hivyo. Ljubica atapanda ndege. Ljubica atakaa mezani siku ya Ilija wangu, mtakatifu asiye hata wa ukoo wake, na mimi nitaachiwa ratiba niisome. Panapofuka moshi pana moto, na hapa moshi ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa.

"Na wewe hawakukualika?" Radojka aliuliza.

"Kwenye likizo yao? Wakinialika nisingekwenda. Nilishawaambia siku ya Pasaka, mbele ya wote: mtu asithubutu kuniita huko kwenye mabarafu, akiniita ndiyo kabisa sitatia mguu."

"Sasa wamekusikia," alisema Radojka, akainamia kikombe chake.

Siku tatu kabla ya safari nilifungua mtoto wa meza kutafuta uzi, nikaona muhuri wa mkate haupo. Ni kipande cha mti wa mpea, kimechongwa herufi nne takatifu, na bila kuugandamiza juu ya unga mkate wa slava ni mkate wa kawaida tu. Babu yake Milisav aliuchonga. Nilitoa watoto wa meza wote, nikamwaga vijiko sakafuni. Haupo.

Ognjen na Tijana walikuwa wamewapeleka watoto mtoni Morava. Nilipanda ghorofani. Ndiyo, nilipekua masanduku yao, sioni aibu. Nyumba ni ya Milisav. Chini ya makopo ya pašteta nilikuta buti la mvua la Iskra, na ndani ya buti kitambaa cha vyombo, na ndani ya kitambaa muhuri wangu. Pembeni yake mshumaa wa nta, mrefu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakutaja buti, lakini ni yale yale. Anayekwenda likizo hachukui muhuri wa slava. Muhuri huchukuliwa na anayehama.

Nilishuka nao kifuani, nikakaa kitandani, nikalia kama mtoto. Kisha nikaosha uso nikapika supu.

Waliporudi nikawapakulia. Supu ilipotulia katika sahani niliuweka muhuri katikati ya meza, karibu na chumvi. Tijana aliacha kijiko.

"Mama, huo…"

"Huo una miaka mia. Ulikuwa ndani ya buti. Nani ataanza kunieleza?"

Ognjen ni mtu mkubwa, fundi wa majokofu ya viwandani, mikono kama sepetu. Lakini alinitazama kama siku ile alipovunja kioo cha jirani.

"Nimepata kazi, mama. Kuanzia mwezi wa kumi."

"Wapi?"

"Gothenburg."

"Fundi wa majokofu! Kule baridi ni ya bure, watakulipia nini?"

Vukan alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Kwa hiyo hii si likizo," nilisema.

"Ni likizo, mama," Tijana alisema. "Kopenhagen ni likizo, Malmö ni likizo, Oslo pia. Tulitaka watoto waujue ule mji kwa mabembea kwanza, kabla ya kuujua kwa masanduku. Hizo siku sita tutakaa kwenye nyumba tutakayohamia. Tungekwambia. Kila siku tulisema kesho."

"Vizuri! Watoto wauone kwa mabembea. Na mimi je? Mimi mlitaka niuone wapi, kwenye friji?"

Ognjen aligeuka akaitazama friji. Akanitazama mimi.

"Ndiyo, mama," akasema polepole.

Naapa kwa kaburi la Milisav, sijawahi kusikia ufidhuli kama ule kutoka kinywani mwa mtoto niliyemzaa. Nilichukua muhuri, nikaufungia ndani ya mtoto wa meza, ufunguo nikautia kwenye sidiria.

"Mkate wa Ilija utakatwa Čačak," nilisema. "Ninyi kuleni samaki wenu. Mpeni na Ljubica salamu zangu."

"Ljubica?" Tijana alimgeukia mumewe. "Mama yangu anahusika nini?"

"Anaigiza vizuri," nilimwambia Radojka baadaye.

Walipoondoka alfajiri ya tarehe ishirini na tano sikutoka nje. Kwetu msafiri humwagiwa maji nyuma yake ili njia yake iteleze vizuri. Nilisimama nyuma ya pazia na jagi mkononi. Ognjen aliwasha gari, akangoja. Alingoja muda mrefu, injini ikiunguruma. Gari lilipopinda kona ndipo nilipofungua mlango nikamwaga maji barabarani, yote, hata viatu vikalowa. Sina hakika kama maji yaliyochelewa yanahesabiwa.

Nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo sikuijua. Kila asubuhi nilisoma ratiba. Leo Kopenhagen, Iskra analala saa saba mchana. Leo treni ya darajani, Vukan akae dirishani. Leo Malmö, uwanja wenye mashua ya mbao. Nilijiambia nawapeleleza.

Tarehe thelathini Radojka alikuja.

"Zimebaki siku tatu Ilija," alisema. "Nataka kujua nivae nini. Tunakaa wapi?"

"Hapa. Wapi kwingine?"

"Hapa na nani? Mshumaa atauwasha nani?"

"Mimi."

"Wewe si mwenye slava, Bosiljka. Milisav alipokufa slava ilimwendea Ognjen, nilikuwepo, nilikula. Mwenye slava akiwa Čačak, slava iko Čačak. Akiwa mwezini, iko mwezini. Unalijua hilo kuliko mimi."

Nililijua. Nilikasirika jinsi nilivyolijua.

"Basi hawakunialika kwenye slava ya mume wangu mwenyewe!" nilifoka. "Umesikia dunia hiyo? Ljubica anaelekezwa mpaka namba ya tramu, na mimi hata neno moja la 'mama, karibu'!"

Radojka aliweka kikombe chini.

"Miaka arobaini na minne nakuja kwenu siku ya Ilija," alisema. "Umewahi kunialika?"

Nami nikaweka changu chini.

Kwetu slava haialikwi. Mtoto mdogo anajua hivyo. Siku inajulikana, nyumba inajulikana, mlango uko wazi, anayekuja amekuja. Milisav alinuniana na ndugu yake miaka miwili kwa sababu yule ndugu aliuliza mbona hakupata mwaliko. "Mwenye kualika watu kwenye slava," Milisav alisema, "na aandike na bei." Mtu haalikwi. Huambiwa tu mahali na siku, akiwa hapajui.

Nilienda kwenye friji. Nilisoma tena ule mstari wa Kisirili, herufi kubwa, kubwa kwa macho yaliyochoka, kwa mtu anayesoma Kilatini kwa tabu. *Tupo nyumbani siku nzima.* Mtaa. Ghorofa. Basi la kijani kutoka uwanja wa ndege. Ljubica ni mwalimu wa Kijerumani. Tangu lini Ljubica akaandikiwa Kisirili? Ljubica ana pasipoti tangu enzi za Yugoslavia. Pasipoti mpya ilikuwa ya nani?

"*Ndiyo, mama,*" alisema mwanangu, akaitazama friji.

"Radojka," nilisema, "mimi ni punda."

"Nilikuwa sitaki kukuambia."

"Wewe ndiye uliyeanza habari za Ljubica!"

"Sikuanza, nilikusindikiza tu." Alikuwa ameshatoa simu. Mwanawe yuko Vienna, hivyo tiketi za ndege ananunua kama vitunguu. "Tarehe mbili asubuhi kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Beograd. Pasipoti iko wapi?"

"Chini ya godoro."

"Mungu wangu. Ilete."

Nilioka mkate usiku wa kuamkia safari, nikaugandamiza kwa muhuri, nikaufunga kwa kitambaa kipya cha pamba. Uwanja wa ndege kijana mmoja mwenye sare alinitaka niuweke kwenye mashine. Nikamwambia mtakatifu Ilija alipanda mbinguni kwa gari la moto na hakuna aliyempitisha kwenye mashine. Akasema, "Bibi, heri ya slava, lakini weka." Nikaweka. Ndani ya ndege niliupakata. Sikuwahi kupanda ndege maishani. Niliogopa kila dakika, na woga mkubwa haukuwa wa kuanguka. Niliogopa kwamba nimekosea tena. Kwamba nitafika nimkute Ljubica na nywele zake, watu wote wanageuka, na mimi nimesimama mlangoni na mkate kama ombaomba.

Basi lilikuwa la kijani. Tramu ilikuwa namba saba. Nilihesabu vituo vinne kwa vidole. Mvua ilikuwa nyepesi, na nje ya mkahawa palikuwa na kigari cha mtoto kweli, peke yake. Nilichungulia, mtoto alikuwa amelala, mashavu mekundu, mzima kabisa. Nilimfunika vizuri upande mmoja nikaenda zangu.

Mtaa ule milango yote ilikuwa imefungwa. Nilipita jengo moja, la pili, la tatu, milango mizito ya kioo inayojifunga yenyewe, yenye vidude vya namba. Slava gani hiyo nyuma ya mlango wa namba? Ndipo nikaiona namba yao.

Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Chini, kati ya mlango na kizingiti, palikuwa na kiatu. Kiatu cha mtoto, cha bluu, kimebanwa mpaka kimekunjika. Mimi ndiye niliyekinunua, sokoni Čačak, kikubwa namba moja ili akikulie.

Nilipanda ghorofa ya pili. Mlango wa juu nao ulikuwa wazi. Niliwaona kabla hawajaniona: meza, shuka jeupe badala ya kitambaa cha meza, mshumaa haujawashwa, saa saba na nusu mchana. Watu wanne na viti vitano. Ljubica hakuwepo. Vukan alikuwa na kiatu kimoja.

"Anakuja," alikuwa anamwambia dada yake. "Baba kasema hatuwashi mpaka saa nane."

Katikati ya meza palikuwa na mkate. Mkate wa Tijana. Kwa kuwa muhuri niliuficha mimi, herufi nne alikuwa amezichora kwa ncha ya kisu, moja imelala, nyingine imevimba na kupasuka motoni.

Miaka arobaini na minne nilisimama upande wa ndani wa mlango, nikipokea. Sikujua ulimi wangu ungeweza kuyatamka yale maneno ya mgeni. Ulitamka.

"Heri ya slava, mwenye nyumba."

Ognjen alisimama, kiti kikaanguka. Alikuja akanishika mabega kwa zile sepetu zake. Tijana alikuwa analia na kucheka, ananipangusia mvua kwa kitambaa cha vyombo, kile kile cha ndani ya buti.

"Mama, mkate wako umefika!" alisema. "Ngoja niutoe huu wangu, umeharibika…"

"Uache."

Niliuchukua mkate wake, nikaupindua, nikaugonga chini kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Wote walingoja kama mahakamani.

"Umeiva," nilisema. "Unakatwa huu. Mkate wa slava ni wa mwenye nyumba. Huu wangu tutaula kesho na pašteta."

Kisha nikatoa muhuri kwenye mkoba nikauweka mkononi mwa Tijana, nikamfumba vidole juu yake. Niliumia. Nasema kweli, niliumia kama ninatoa jino, kwa sababu nilijua ninachokitoa ni nini, na kwamba mwezi wa kumi ngazi zangu zitanyamaza na hakuna Ilija atakayelibadilisha hilo.

"Na mwakani?" Tijana aliuliza kwa sauti ndogo, muhuri kifuani. "Utakuja, mama?"

Ognjen alimkanyaga mguu. Nilimwona.

"Msinialike," nilisema. "Siku naijua."

Ognjen akawasha mshumaa. Vukan alitaka kushuka akachukue kiatu chake, mguu ulikuwa unapata baridi. Nilivua soksi yangu ya sufu nikamvisha, nikamwambia akiache kiatu pale pale mpaka jioni.